Kabla ya kumlaumu Rehoboamu someni 1 Wafalme 4: makabila 12 ya Israeli na wawakilishi wao

Msoma Hesabu (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi.

Kila nikisikia mahubiri ya Israeli kugawanyika, makabila kumi ya kaskazini kujitenga na Yuda, lawama zote anatupiwa Rehoboamu, eti kijana mjinga aliyeacha ushauri wa wazee akasikiliza wenzake, basi, amen, sadaka ipite. Kwanza kijana gani? 1 Wafalme 14:21 inasema alianza kutawala ana miaka 41, huyo ni baba mtu mzima, na hao "vijana" aliokua nao bila shaka nao walikuwa wababa wenye vitambi vyao. Pili, nchi haivunjiki kwa sentensi moja ya mfalme kama huko ndani haijaoza siku nyingi. Mimi nasema kilichoivunja Israeli kilianza enzi za baba yake Sulemani, pale makabila yaliyokuwa yanasimama kwa wawakilishi wao yalipoletewa watu wa ikulu wa kuyasimamia. Rehoboamu alikuja kufunga mahesabu tu.

Ila hii kitu haieleweki bila kurudi kitabu cha Hesabu, na najua wengi hicho kitabu mnakiruka kwa sababu ya majina na idadi. Hebu tukirudie.

Hesabu 1, Mungu anamwambia Musa awahesabu wanaume wa miaka 20 kwenda juu wanaofaa kwenda vitani. Halafu hapo hapo anaongeza kwamba kila kabila itoe mtu mmoja, mkuu wa nyumba ya baba zake, asimame na Musa na Haruni kwenye hiyo kazi. Na anawataja kwa majina, Elisuri wa Reubeni, Shelumieli wa Simeoni, Nashoni wa Yuda, Gamalieli wa Manase, Ahira wa Naftali, mpaka wanatimia 12. Yaani Musa huyu huyu aliyepanda mlimani akaongea na Mungu haendi kuhesabu watu wa Naftali bila mtu wa Naftali kusimama pale. Hesabu ikatoka 603,550. Yuda ndio wengi, 74,600, Manase ndio wachache, 32,200. Shikeni hizo namba mbili.

Sasa nendeni sura ya 7, ile sura ndefu yenye mistari 89 ambayo ukianza kuisoma usiku unalala. Madhabahu imewekwa wakfu, wale wakuu 12 wanaleta matoleo, kila siku mmoja, siku 12. Nashoni wa Yuda siku ya kwanza analeta sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kimejaa ubani, na wanyama. Siku ya pili Nethaneli wa Isakari analeta hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mwandishi angeweza kuandika "na wale 11 wengine wakafanya vile vile" tukaenda kulala, lakini hapana, anarudia kila kitu mara 12, shekeli kwa shekeli. Mimi naamini anafanya makusudi. Siku ya nane anafika Gamalieli wa Manase, kabila lake halifiki hata nusu ya Yuda, lakini sahani ni ya shekeli 130 ile ile, siku yake ni nzima na maneno yake kwenye kitabu ni marefu kama ya Nashoni. Mbele ya madhabahu hakuna kabila kubwa na kabila dogo. Kwenye safari na vita Yuda anatangulia, ndio, kambi yake ipo mashariki ina watu 186,400 pamoja na Isakari na Zabuloni, ila kwenye kuwakilishwa wote wako sawa.

Naendelea chini, msiwe na haraka.

Siti ya Dirishani

Nimewahi mapema, shusha nondo mkuu tupo

Jirani Mwema

Mleta uzi kabla hujaendelea, hapo kwenye 12 mimi huwa nachanganyikiwa. Umetaja Manase, Manase si mtoto wa Yakobo ni mjukuu, na Lawi sijamuona kwenye hao wakuu. Sasa 12 inapatikanaje?

Msoma Hesabu

Swali zuri jirani. Watoto wa Yakobo ni 12, sita wa Lea (Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, Isakari, Zabuloni), wawili wa Bilha (Dani na Naftali), wawili wa Zilpa (Gadi na Asheri) na wawili wa Raheli (Yusufu na Benyamini). Ukisoma Mwanzo 48 mzee Yakobo yuko kitandani anaumwa, Yusufu analeta wanawe wawili wabarikiwe, mzee anasema hawa Efraimu na Manase ni wangu kama Reubeni na Simeoni walivyo wangu. Yani Yusufu akapata mafungu mawili. Baadaye Lawi anatolewa kwenye hesabu ya vita na kwenye ugawaji wa ardhi ili ahudumu hemani, kwa hiyo ukimtoa Lawi na ukampasua Yusufu mara mbili 12 inabaki pale pale. Majina yanabadilika kwenye orodha mbalimbali lakini 12 huwa hawaiachii.

Na Lawi mwenyewe ni uwakilishi mtupu, hii ndio napenda kuliko zote. Hesabu 3, Mungu anasema wazaliwa wa kwanza wote wa Israeli ni wake tangu usiku ule wa Misri, ila badala yao atawachukua Walawi. Sasa inafanyika hesabu, mtu kwa mtu. Wazaliwa wa kwanza wakawa 22,273, Walawi 22,000. Wamebaki 273 wasio na Mlawi wa kuwasimamia. Mtu wa siku hizi angesema hiyo ni tofauti ndogo tusahau, wao hawakusahau, kila mmoja katika wale 273 akalipiwa shekeli 5, jumla 1,365, zikapewa Haruni na wanawe. Kuwakilishwa kulikuwa si maneno ya heshima, mtu akikosa wa kusimama badala yake pengo linaonekana na linalipiwa.

Nyingine ni mavazi ya kuhani mkuu, Kutoka 28. Mabegani kwenye naivera (lile vazi la juu la kuhani) kuna mawe mawili ya shohamu, kila moja limechorwa majina sita kwa kufuata kuzaliwa kwao. Kifuani kuna kile kifuko cha hukumu chenye mawe 12 tofauti, kila kabila jiwe lake na jina lake. Haruni akiingia patakatifu anaingia amebeba watu wote, mabegani mzigo na kifuani kumbukumbu. Hakuna anayembeba yeye.

mama Tuma

Nimekuelewa mwanangu lakini mbona wote hao ni wanaume. Wanawake wa Israeli walikuwa wanasemewa na nani, au ndio tulikuwa tunahesabiwa na mbuzi?

Msoma Hesabu

Mama shikamoo. Hapo umenigusa maana nilikuwa naelekea huko huko.

Hesabu 27. Selofehadi wa kabila la Manase amekufa jangwani, hana mtoto wa kiume, ana mabinti watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Ardhi inakaribia kugawanywa kwa majina ya wanaume. Hawa mabinti hawakutuma mjomba wala kunung'unikia kisimani, walienda wenyewe mlangoni pa hema, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yetu lifutwe kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume, tupeni milki. Musa hakuwa na jibu, akapeleka shauri kwa Mungu, jibu likarudi kwamba mabinti wamesema haki. Ikawa sheria kwa Israeli yote.

Lakini sura ya 36 wakuu wa jamaa za Manase wanarudi kwa Musa na rufaa. Wanasema sawa mabinti wamepewa, lakini wakiolewa na watu wa kabila lingine ardhi itahama nao, fungu letu litapungua. Mungu anasema hao nao wamesema vema, basi waolewe na wanaowapenda lakini ndani ya kabila la baba yao. Mama najua hapo utanuna kidogo na una haki ya kununa, hao wakuu walikuwa wanatetea shamba zaidi ya mabinti. Ninachotaka muone ni kwamba wakuu wa kabila walikuwa na pa kwenda, wanaenda mbele ya Musa, wanabisha, wanasikilizwa, na sheria inaongezewa kipengele. Na ardhi ya kabila haikuwa ya kuchezewa, hata ndoa ya mabinti watano ilijadiliwa na viongozi wa juu kabisa ili mpaka usisogee.

Kariri hiyo ya ardhi, tutaihitaji tukifika kwa Sulemani.

mama Tuma

Marahaba. Wametetea shamba kweli, hamjaanza leo. Endelea.

Abu Nuhu

Assalaam alaykum. Mimi Muislamu napita kuchangia kidogo, haya mambo hata kwetu yapo. Suratul Maida aya ya 12 inasema Mwenyezi Mungu alichukua ahadi ya Wana wa Israeli na akawainulia kutoka miongoni mwao wasimamizi kumi na wawili. Na Suratul A'raf aya ya 160 wamegawanywa makabila 12, Musa akaambiwa apige jiwe kwa fimbo yake zikabubujika chemchemi 12, kila watu wakajua mahali pao pa kunywea. Hata Mtume (s.a.w) kwenye bay'a (kiapo cha utii) ya pili ya Aqaba aliwaambia watu wa Madina wamtolee wasimamizi 12 kutoka kwao wenyewe, wakatoka 9 wa kabila la Khazraj na 3 wa kabila la Aws. Angalia hapo, kutoka kwao. Hakuwateua kutoka Makka.

Msoma Hesabu

Waalaykum salaam Abu Nuhu, mchango mzito huo. Hiyo "kutoka kwao" ndio roho ya uzi. Kumbukumbu la Torati 1:13 Musa anawaambia watu, jitwalieni watu wenye akili na fahamu wanaojulikana katika makabila yenu, nami nitawafanya wakuu juu yenu. Ukisoma Kutoka 18 peke yake unaona Yethro kashauri na Musa kachagua, wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, ukisoma na Torati unaona watu nao walikuwa na sauti, wanamleta mtu wanayemjua halafu Musa anamuweka.

Bandubandu

Mleta uzi unawapamba sana hao wawakilishi. Wale wapelelezi 12 wa Hesabu 13 si walikuwa wakuu wa makabila pia? Kumi wakaja na taarifa mbovu taifa zima likazungushwa jangwani miaka 40. Uwakilishi huo huo ndio uliowaua.

Msoma Hesabu

Sibishi hata kidogo. Na majina ya wale 12 sio yale ya sura ya 1, ni watu wengine kabisa, Shamua wa Reubeni, Kalebu wa Yuda, Hoshea wa Efraimu ambaye Musa alimuita Yoshua na wenzao. Kumi wakasema haiwezekani, wawili wakasema inawezekana, wengi wakashinda na wote wakalipa. Mimi sijasema mwakilishi hakosei, nasema akifanya kitu kinahesabiwa kimefanywa na wote, kizuri au kibaya. Ndio uzito wa kazi yenyewe.

Mfano mkali kuliko huo ni Wagibeoni, Yoshua 9. Wale jamaa wamekuja na mikate yenye ukungu na viatu vyenye viraka wakijifanya wametoka mbali, Yoshua akafanya amani nao na wakuu wa mkutano wakawaapia bila kumuuliza Mungu. Baada ya siku tatu inajulikana kumbe ni majirani. Wananchi wakawanung'unikia wakuu, na walikuwa na haki maana wakuu walikurupuka. Lakini kiapo hakikurudi. Miaka inapita, waamuzi wanapita, anakuja Sauli anawaua Wagibeoni kwa wivu wa kuwapenda watu wake, halafu enzi za Daudi inapiga njaa miaka mitatu, Daudi akiuliza anaambiwa ni damu ya Wagibeoni (2 Samweli 21). Watu walioapa wote walishakufa zamani, waliolipa ni wajukuu wa wajukuu. Walioapa waliapa kwa niaba ya hata wale ambao hawajazaliwa.

Hata toba ilienda kwa njia hiyo hiyo, Walawi 4 mkutano wote ukikosa bila kujua analetwa ng'ombe dume na wazee wa mkutano ndio wanaweka mikono juu ya kichwa chake. Sio kila mtu anapanga foleni.

Haya sasa twende kwenye wafalme, ndipo niliponuia tangu mwanzo.

Kwanza nani aliomba mfalme? 1 Samweli 8, wazee wa Israeli walikusanyika wakamfuata Samweli Rama. Wawakilishi wenyewe! Samweli akawaonya kitu kwa kitu, atachukua wana wenu, mabinti zenu, mashamba yenu mazuri, sehemu ya kumi ya mbegu zenu, wakasema hapana tunataka mfalme. Walioomba ndio waliokuja kukosa kazi baadaye, sema walikuwa hawajui.

Daudi aliingia kwa adabu. Alikaa Hebroni miaka 7 na miezi 6 akitawala Yuda tu, hakulazimisha. Makabila mengine yalipokuwa tayari wazee wa Israeli wakamfuata Hebroni, akafanya nao agano mbele za BWANA, ndipo wakamtia mafuta (2 Samweli 5:3). Mpangilio ni huo, agano kwanza mafuta baadaye. Na hata hivyo ufa ulikuwepo, baada ya vita vya Absalomu, mwana wa Daudi aliyemuasi, watu wa Israeli na Yuda wanagombania nani amrudishe mfalme, Israeli wanasema sisi tuna sehemu kumi kwa mfalme, mara Sheba mwana wa Bikri anapiga tarumbeta anasema hatuna sehemu katika Daudi. Daudi aliuzima huo moto lakini makaa yalibaki.

Sulemani aliingiaje? 1 Wafalme 1, Sadoki kuhani, Nathani nabii na Benaya mkuu wa walinzi wanampeleka Gihoni juu ya nyumbu wa baba yake, wanamtia mafuta, tarumbeta, watu wanashangilia. Imefanyika siku moja na haraka maana Adoniya, mwana mwingine wa Daudi aliyetaka ufalme, alishaanza karamu yake. Wazee wa makabila hawapo hapo, agano halipo.

Halafu sura ya 4 ndio imejaa. Sulemani anaweka maakida 12 juu ya Israeli, kila mmoja alishe ikulu mwezi mmoja kwa mwaka. Namba 12 ile ile! Ila sasa haiendi tena kwa makabila, mmoja kapewa mlima wa Efraimu, mwingine Taanaki na Megido, mwingine Dori, mwingine Mahanaimu. Na wawili kati yao ni wakwe za mfalme, Ben-abinadabu kamuoa Tafathi na Ahimaasi kamuoa Basemathi, wote mabinti wa Sulemani. Na mnajua hiyo ikulu ilikuwa inakula nini kwa siku moja? Kori (kipimo cha nafaka) 30 za unga mwembamba, kori 60 za unga wa kawaida, ng'ombe 10 walionenepeshwa, 20 wa malishoni, kondoo 100, bado paa na kulungu na kuku. Kwa siku. Wa Hesabu 7 alikuwa mkuu wa kabila analeta toleo la watu wake madhabahuni kwa jina lake, wa 1 Wafalme 4 ni mtu wa mfalme anayekusanya chakula cha mfalme.

Wakuu wa makabila hawakufutwa kwa jina, hapana. Sura ya 8 sanduku la agano linaingizwa hekaluni mnawaona wameitwa, wazee wa Israeli na vichwa vyote vya makabila, wamependeza. Kwenye sherehe wanaitwa. Kwenye shokoa (kazi ya lazima) hawaulizwi, sura ya 5 watu 30,000 kutoka Israeli yote wanapelekwa Lebanoni kwa zamu, elfu kumi kila mwezi, msimamizi Adoniramu.

Na ile ardhi niliyowaambia mkariri? Sura ya 9, Sulemani anampa Hiramu mfalme wa Tiro miji 20 ya Galilaya. Hiramu akaenda kuitazama hata haikumpendeza, akaiita nchi ya Kabuli. Kabuli hiyo ukifungua Yoshua 19:27 ipo kwenye mpaka wa Asheri. Enzi za Musa mabinti watano wasiolewe nje ili kipande kisihame kabila, enzi za Sulemani miji 20 inatoka nje ya taifa na hatusikii mkuu wa Asheri akiulizwa.

Ndio sasa Rehoboamu anaenda Shekemu. Kwa nini Shekemu na sio Yerusalemu? Kwa sababu makabila ya kaskazini yalitaka yale ya Hebroni yarudi, tukae, tukubaliane, ndio tukutie mafuta. Walikuwa hawajakataa ukoo wa Daudi, walisema punguza nira aliyotutwika baba yako nasi tutakutumikia. Wazee wakamwambia ukikubali kuwa mtumishi wa watu hawa leo watakuwa watumishi wako siku zote. Akajibu anachojibu, baba yangu aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge. Halafu anafanya kituko, anamtuma Adoramu (ndiye yule Adoniramu) msimamizi wa shokoa akawatulize, yaani katika watu wote amtume huyo. Wakampiga mawe akafa, mfalme akarukia gari akakimbilia Yerusalemu.

Mtoto wa Ukerewe

Dah. Hao maakida wa Sulemani wamenikumbusha maakida wa Mjerumani hapa kwetu. Mjerumani alichukua watu wa pwani akawaweka juu ya watu wa bara wasiowajua wala hawakuwachagua, kazi yao kodi na kuwasukuma watu mashamba ya pamba, 1905 Majimaji ikalipuka na kati ya wa kwanza kushambuliwa walikuwa hao hao maakida. Adoramu mtupu.

Bandubandu

Nakubali umefanya kazi ila sikuachii. Moja, 1 Mambo ya Nyakati 29:22-24 inasema walimfanya Sulemani mfalme mara ya pili na wakuu wote wakajiweka chini yake, kwa hiyo kusema aliingia bila wakuu sio kweli. Mbili, 1 Wafalme 9:22 inasema Sulemani hakuwafanya Waisraeli watumwa. Tatu, hao maakida mbona wengine wamepewa maeneo ya kabila kabisa, Naftali, Asheri, Isakari, Benyamini zimetajwa kwa majina.

Msoma Hesabu

Bandubandu ndio maana nakuheshimu, unasoma.

Ya kwanza, Nyakati inasema walijiweka chini ya Sulemani, hiyo ni kutii. Kwa Daudi kitabu cha Samweli kinasema mfalme alifanya nao agano, hiyo ni pande mbili kukubaliana. Tofauti ni kubwa na watu wa Shekemu waliijua.

Ya pili, utumwa wa kudumu na shokoa ya zamu ni vitu viwili. 9:22 inasema hawakuwa watumwa, 5:13 inasema shokoa ilitoka Israeli yote, na 11:28 inasema Sulemani alipomuona Yeroboamu ni kijana mchapakazi akampa usimamizi wa kazi ya nyumba ya Yusufu. Nyumba ya Yusufu ni Efraimu na Manase, sio Wakanaani. Na ona nani alikuja kuongoza mgawanyiko, ni huyo huyo Yeroboamu, Mwefraimu aliyesimamia mzigo wa ndugu zake mwenyewe, alikuwa anaujua uzito wake.

Ya tatu ni kweli zipo nne hivyo. Ila hata huko kwenye Naftali aliyewekwa ni Ahimaasi, mkwe wa mfalme. Mpaka wa kabila ulibaki, mtu wa kabila akaondoka.

Na usidhani baada ya kugawanyika kaskazini wakapona. 1 Wafalme 21, Nabothi anakataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu, anasema Mungu apishie mbali nikupe urithi wa baba zangu, unasikia mabinti wa Selofehadi hapo ndani. Yezebeli mke wa Ahabu anaandika barua kwa muhuri wa mfalme kwa nani? Kwa wazee na wakubwa wa mji wa Nabothi. Na wazee wakafanya kama barua ilivyosema, wakatangaza mfungo, wakaweka mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Hakuna hata mzee mmoja aliyeuliza. Wale waliotakiwa kumsemea ndio waliomuua, tena ni majirani zake.

Kobe Mwendo

Mimi naomba kuuliza, makabila kumi yaliyopotea yako wapi? Nimewahi kusoma kuna Mjerumani alisema Wamasai ni Waisraeli. Pia kwa nini Dani hayupo kwenye orodha ya makabila ya Ufunuo 7?

Msoma Hesabu

Huyo ni Moritz Merker, afisa wa jeshi la Mjerumani, aliandika 1904 kwamba Wamasai na Waebrania wana asili moja. Ni nadharia tu, haijathibitishwa. Waliopata kutambuliwa rasmi ni Beta Israel wa Ethiopia, Rabi mkuu Ovadia Yosef mwaka 1973 aliwahesabu kuwa wa Dani. Waabayudaya wa Uganda ni habari nyingine, wao waliingia dini kupitia Semei Kakungulu mwaka 1919, hawadai ukoo wa kabila lolote.

Ila Biblia yenyewe haikubali kusema yamepotea. Eliya akijenga madhabahu Karmeli, ufalme umeshagawanyika zamani, na yuko kaskazini, anachukua mawe 12 sio 10. Samaria ikaanguka 722 KK, Yerusalemu 586 KK, waliorudi kutoka Babeli wengi ni Yuda, Benyamini na Lawi, lakini wakizindua hekalu wanatoa mbuzi 12 kwa hesabu ya makabila ya Israeli (Ezra 6:17). Luka 2 yule bibi Ana hekaluni ni wa Asheri, yaani kabila la ile miji ya Hiramu. Dani sababu haijaandikwa, wengi husema ni sanamu ya Waamuzi 18 na ndama wa Yeroboamu, lakini Ezekieli 48 Dani ndio anatajwa wa kwanza kupewa fungu, kwa hiyo taratibu na hukumu.

Mchungaji Mstaafu

Nimesoma yote, Mungu akubariki kijana. Niongeze la Agano Jipya umeliacha. Bwana Yesu alichagua 12 na akawaambia watakaa katika viti 12 kuyahukumu makabila 12 ya Israeli (Mathayo 19:28). Ndiyo maana Yuda Iskariote alipokufa walifanya haraka kumuweka Mathiya, pengo lisingeweza kubaki kama wale 273 wako. Lakini Yakobo ndugu yake Yohana alipouawa na Herode, Matendo 12, hatuoni akiwekewa mwingine. Aliyekufa katika kazi yake hakuacha kiti wazi, aliyeiacha kazi ndiye aliyekiacha.

Bandubandu

Mchungaji shikamoo. Sasa kanisa nalo lilichagua viongozi kwa njia ipi, ya Hesabu au ya Sulemani? Maana mitume ndio walikuwa na sauti yote.

Mchungaji Mstaafu

Marahaba. Soma Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, chakula kile, watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuteua wakwe zao. Waliita jamii yote ya wanafunzi wakasema chagueni ninyi watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, sisi tutawaweka, ni Torati 1:13 ile ile ya mleta uzi. Sasa angalia majina waliyoyaleta, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote saba ni ya Kiyunani. Waliokuwa wananyimwa sahani ndio waliokabidhiwa kugawa chakula cha wote, wakiwemo wale Waebrania waliokuwa wanalalamikiwa.